Barua ya wazi kwa mnaosimamia sheria ndogo: angalieni na ukubwa wa kosa

Waheshimiwa viongozi, salamu kwenu. Na nyie maofisa mnaotembea na kitabu cha faini mkononi, salamu kwenu pia, maana najua mkiulizwa mnasema nyie mmetumwa tu. Hii barua ni ya wote, anayetuma na anayetumwa.

Niseme mapema ili tusipotezeane muda, mimi sio mpinga sheria. Hizi sheria ndogondogo za wapi mtu apaki, taka zitolewe saa ngapi, muziki uzimwe muda gani, ukuta usizidi urefu gani, kitu gani kisiwekwe njiani, nyingine nimeshiriki kuziomba kabisa. Hiyo ya kutoweka kitu kwenye njia ya waenda kwa miguu, mimi ndio nilikuwa katibu wa kamati ya wakazi wakati tunaiomba. Barua iliandikwa na mkono wangu huu. Na sababu yake naikumbuka vizuri, kuna mzee mmoja haoni, kila asubuhi anapita na fimbo yake akigusa ukingo wa njia, sasa kuna mtu alikuwa anajenga akamwaga mawe na kokoto njia nzima, yule mzee ikabidi ashuke barabarani, gari ikapita ikamgonga kiwiko kwa kioo cha pembeni. Mungu alimsaidia ikawa kiwiko tu. Ndio tukaandika tukasema njia iwe wazi, mtu wa fimbo apite, mtu wa wilchea apite, mama mwenye mtoto mgongoni na mzigo kichwani asishushwe barabarani kushindana na magari. Mkatusikia, mkaweka sheria, tukashukuru, na shukrani hiyo iko palepale.

Sasa sikilizeni kilichotokea juzi.

Jirani yangu ni mama mtu mzima, miguu inamsumbua. Nje ya geti lake ana benchi la mbao, limekaa hapo miaka mingi kuliko hiyo sheria, jioni anakaa hapo anapunga upepo na watu wazima wengine wakipita wanapumzika kidogo halafu wanaendelea na safari. Limeegemea ukuta wake. Wakaja maofisa watatu na gari. Mmoja akachuchumaa akatoa futi kamba, akapima kutoka ukutani, akapima tena, akamwita mwenzake aje aone, benchi limezidi mpaka wake kwa sentimita 11. Mimi nilikuwa nimesimama hapo nimeshika ndoo, nikawa naangalia kidole chake kiko kwenye namba, sentimita 11, yaani urefu wa kidole cha mtu na kidogo zaidi. Mama akatoka anajikongoja akauliza kuna nini wanangu. Wakamweleza. Akasema, "Sasa mwanangu si ungeniambia tu nisogeze?"

Yule kijana wala hakuwa mkali, na nataka mlijue hilo, alimjibu kwa adabu tu na macho ameinamisha. "Mama mimi sina ugomvi na wewe, ila nikirudi ofisini sijaandika hata moja nitaulizwa nilikuwa wapi siku nzima." Akaandika faini, akampa karatasi, wakalibeba benchi wakalitupia kwenye gari wakaondoka nalo yadi. Faini mama ameilipa siku iliyofuata, ana risiti. Ila kulitoa benchi kuna gharama ya kulitunza, na hiyo inahesabiwa kwa siku, sasa ukijumlisha mpaka leo imeshapita thamani ya benchi lenyewe.

Walipoondoka hao nikaenda kuchukua futi kamba yangu nikapima nafasi iliyokuwa imebaki kati ya benchi na barabara. Mita moja na nusu na zaidi. Wilchea inapita na mtu mwingine anapita pembeni yake. Yule mzee wa fimbo ndio kabisa, yeye huwa analitumia hilo benchi kama alama, akiligusa anajua amefika nusu ya safari.

Kwahiyo sheria ilivunjwa, sikatai, sentimita 11 ni sentimita 11. Ila ile hatari tuliyoiandikia barua haikuwepo hapo. Na hili ndilo ninalotaka kulisema kwenu, mengine yote kwenye barua hii ni matawi yake. Sheria ndogo imewekwa kwa sababu fulani, kuna dhara fulani inalizuia, ofisa akifika mahali kabla hajatoa kalamu ajiulize lile dhara liko hapa? Likiwepo, ni kubwa kiasi gani? Na kwa ukubwa huo, ni hatua gani ndogo kabisa itakayoliondoa? Kwa benchi la mama jibu lilikuwa "mama sogeza kidogo", dakika moja imeisha, mimi mwenyewe ningelisukuma.

Wala sio wazo langu. Ujerumani huko wanasheria wamelihangaikia kwa zaidi ya miaka mia. Mwaka 1882 mahakama ya juu ya mambo ya utawala ya Prussia, dola kubwa ya Kijerumani ya wakati huo, iliamua kesi ya Berlin, polisi walikuwa wamezuia watu wasijenge majengo marefu karibu na mnara wa kumbukumbu wa Kreuzberg ili mandhari ionekane, mahakama ikasema hapana, kazi ya polisi ni kuzuia hatari, na hapo hatari haipo. Baadaye msomi mmoja wa sheria, Mswisi Fritz Fleiner, akaliweka kwa maneno ambayo kila mtu anayaelewa, kwamba polisi wasipige shomoro kwa mzinga. Shomoro jamani. Benchi la mama lilikuwa shomoro, nyie mkaja na gari na watu watatu.

Nirudi kwa yule kijana na kauli yake, maana imenikaa kichwani kuliko kitu chochote siku ile. "Nikirudi sijaandika hata moja nitaulizwa." Waheshimiwa, mkimpima ofisa kwa idadi ya faini atawaletea faini, hata kama mtaa mzima umetulia. Atazitafuta. Na ataenda kuzitafuta kwa nani? Hawezi kwenda kwa mwenye hizi kokoto za sasa kwenye kona kwa sababu yule ana watu wake na ana simu za kupiga, atakuja kwa mama wa benchi ambaye atalipa kesho yake asubuhi bila maneno. Mnajua zile kokoto zimekaa kwenye kona pale mwezi wa pili sasa? Njia nzima imefunikwa. Siku ile ile gari la kubeba benchi lilizipita, ilibidi dereva apunguze mwendo azikwepe.

Mkishaanza kuzitegemea faini kwenye bajeti ndio inakuwa mbaya zaidi. Wizara ya Sheria ya Marekani ilitoa ripoti Machi 2015 kuhusu mji wa Ferguson, ule wa jimbo la Missouri, ikaonyesha jinsi polisi na mahakama ya mji walivyokuwa wanasukumwa walete mapato kuliko kulinda watu. Kuna mwanamke mmoja humo ndani kisa chake nikikisoma huwa nasimama kwanza. Alipaki vibaya mara moja, mwaka 2007. Akaandikiwa makosa mawili, dola 151 na ada nyingine juu. Mwanamke ana hali ngumu, kuna kipindi hana hata pa kukaa, akawa anakosa tarehe za mahakama au anakosa kulipa, na kila akikosa anaongezewa kosa jipya na faini mpya. Akakamatwa mara mbili, akalala ndani siku sita. Akajaribu kupeleka kidogokidogo, dola 25, dola 50, mahakama ikamrudishia kwamba lete yote. Mpaka Desemba 2014 alikuwa ameshalipa dola 550 na bado anadaiwa 541. Kwa kupaki vibaya, miaka saba! Sasa mtu anaweza kusema huko ni mbali, lakini hesabu ni ileile ya benchi kule yadi, kosa limekaa palepale halikui ila deni linakua kila jua likichomoza, na anayeumia ni yule asiyeweza kulipa siku ya kwanza. Mwenye nacho analipa anasahau. Ndio maana Finland tangu 1921 faini zao za mahakama zinahesabiwa kwa kuangalia kipato cha mtu, kwa sababu faini moja kwa watu wawili sio faini moja.

Najua majibu yenu, nimeshakaa kwenye vikao vya kutosha. La kwanza mtasema ukiliachia dogo kubwa linakuja. Na mtataja ile nadharia ya dirisha lililovunjika, waliyoiandika James Q. Wilson na George Kelling mwaka 1982, kwamba dirisha moja likivunjika likaachwa, watu wanaona hapa hakuna anayejali, kesho yanavunjwa yote. Sawa, mimi naiona ina ukweli ndani yake, mtaa uliotelekezwa unaalika uchafu zaidi. Lakini tulieni muisome vizuri, dirisha dawa yake ni nini? Ni kulirekebisha! Weka kioo. Mwambie mtu azoe taka, mwambie asogeze gari, msaidie kama hawezi. Wapi imesemwa kila dirisha lazima lizae mfungwa? Kelling mwenyewe miaka ya baadaye alijitokeza kulalamika kwamba wazo lao limebebwa likafanywa kisingizio cha kubana watu kwa kila kitu. Kutolipuuza dogo na kulifanya dogo kubwa ni vitu viwili tofauti kabisa, na sisi tunaomba msilipuuze. Njooni, semeni, hakikisheni limerekebishwa, rudini mkague. Hiyo ndio kazi, na ni ngumu kuliko kuandika karatasi.

La pili mtasema sheria ni msumeno. Hii ndio kauli inayopendwa kuliko zote, inakata mbele na inakata nyuma, haimjui huyu wala yule. Lakini hata fundi wa mbao ana msumeno mmoja? Nendeni karakana yoyote muangalie, kuna wa kupasulia gogo na kuna mdogo wa kukatia kona, na akishakata kuna randa na kuna msasa. Fundi akichukua msumeno wa gogo akakatia mguu wa stuli mtamshangaa. Halafu tuwe wakweli, mbona huo msumeno haukati kokoto?

Ila hapa kuna jambo zito na sitaki nilirukie, kwa sababu mwenzenu mmoja aliniambia nikaona ana hoja. Alisema tukiwaachia maofisa waamue wenyewe nani aonywe na nani alipishwe, wataonya ndugu zao na marafiki na wenye kutoa chochote mkononi, na kulipisha wengine. Ni kweli kabisa. Huruma isiyo na utaratibu inageuka upendeleo, na upendeleo mahali ambapo kuna faini unageuka rushwa, hakuna asiyejua. Kwahiyo siombi kila ofisa awe na moyo mzuri siku akiamka vizuri. Naomba huo utaratibu wa kupima uandikwe, uwe sehemu ya sheria yenyewe, ubandikwe ukutani mtu yeyote ausome. Kwamba kosa la mara ya kwanza ambalo halijamuumiza wala halimweki mtu kwenye hatari ni kuelezwa kwa mdomo na kuandikwa kwenye daftari kwamba fulani ameelezwa tarehe fulani. Likirudi, notisi ya maandishi yenye siku za kutosha za kurekebisha, na siku za kutosha maana yake mtu apate fundi, apate na wikendi moja. Likirudi tena ndio faini, tena ndogo. Mahakamani ni kwa mtu aliyeambiwa, akaandikiwa, akatozwa, na bado anacheka. Na kama kuna hatari ya kweli, mlango wa dharura umefungwa na makufuli, waya wa umeme uko wazi, mtaro hauna mfuniko, hapo msisubiri ngazi yoyote, ruka moja kwa moja, funga hapo hapo, sisi tutawapigia makofi. Kwa utaratibu huo mama wa benchi na mkubwa wa kokoto wanapita mlango mmoja, tofauti yao ni kwamba mama angeishia hatua ya kwanza na mwenye kokoto leo angekuwa mahakamani.

Na ofisa naye analindwa, hamuoni? Akirudi jioni na daftari lenye watu sita aliowaelekeza na sita wamerekebisha, hana haja ya kuulizwa alikuwa wapi.

Kuna kitu kingine sidhani kama mnakiona mkiwa ofisini, kwa hiyo acheni niwaambie. Watu wameacha kuwaita. Kule nyuma yetu mfuniko wa mtaro ulipotea, shimo liko wazi, watoto wanapita hapo kwenda shule. Wiki nzima hakuna aliyetoa taarifa. Nikauliza jamani mbona hakuna aliyesema, dada mmoja akaniambia mwaka jana alitoa taarifa ya taa ya barabarani imekufa, wakaja kuangalia taa, wakiwa hapo wakaona uzio wake umeinamia nje kidogo wakamwandikia yeye. Taa haikutengenezwa mpaka baada ya miezi. Tangu hapo amesema hata nyumba ya jirani ikiungua ataita majirani wenzake kwanza. Alisema akiwa amekasirika, ila nadhani alimaanisha. Tukaweka ubao na tairi juu ya lile shimo wenyewe.

Ndivyo inavyokuwa adhabu ikizidi kosa, watu wanaanza kuizunguka sheria, hata wale wema. Uingereza karne ya 18 huko kuiba kitu cha shilingi 40 ndani ya nyumba ya mtu adhabu yake ilikuwa kunyongwa. Unajua wazee wa baraza walifanyaje mahakamani? Walikuwa wanaona kabisa mali ni ya thamani kubwa, wanaapa kwamba ina thamani ya shilingi 39. Watu waadilifu, wamekula kiapo, wanasema uongo mbele ya jaji, kwa sababu dhamiri zao zimekataa kumuua mtu kwa kitu kidogo. Mkitufikisha mahali ambapo jirani mwema anaona bora anyamaze kuliko kuwaita, jueni sheria yenu imeshaanza kufa hata kama vitabu vya faini vinajaa.

Na hata pale faini inapoonekana ni ndogo na ya haki, fikirini mara mbili inakwenda kubadilisha nini kati ya watu. Kuna utafiti ulitoka mwaka 2000, wa Uri Gneezy na Aldo Rustichini, walichukua vituo 10 vya kulelea watoto huko Haifa nchini Israel, ambako wazazi walikuwa wanachelewa kuja kuchukua watoto jioni. Vituo sita wakaweka faini kwa kila atakayechelewa. Ungetegemea wazazi wawahi. Wakachelewa zaidi, karibu mara mbili ya mwanzo! Kwa sababu mwanzo mzazi alikuwa anaona aibu kumweka mwalimu wa watu amesubiri, sasa akaona basi nimelipia, hatudaiani. Na kikubwa zaidi, faini ilipoondolewa wale wazazi hawakurudi kama zamani, uchelewaji ulibaki palepale juu. Ile aibu nzuri ilishanunuliwa. Sasa nyie mnakuja mtaani ambapo watu wanasogezeana magari kwa kuitana tu, "kaka samahani nataka kutoka", mnaweka karatasi kwenye kioo, kesho yule kaka anasema mimi sisogezi, kama nimekosea waje waandike. Kuna baadhi ya mambo yanaenda vizuri sana kwa watu kuoneana haya, na haya ikishaondoka hamna mahali pa kuiagiza.

Halafu naomba tuongee kuhusu kuchukua vitu vya watu. Hapa ndio roho yangu inauma zaidi. Kuchukua benchi ni dhambi ndogo, ila mnachukua pia mkokoteni, mizani, cherehani, baiskeli ya mizigo, vitu ambavyo mtu anaishi kwavyo. Kosa ni la kusimama mahali pasiporuhusiwa, adhabu ni kumnyang'anya mtu kazi. Dunia nzima inamkumbuka Mohamed Bouazizi wa Sidi Bouzid, Tunisia, kijana wa miaka 26 anauza matunda kwenye mkokoteni. Tarehe 17 Desemba 2010 wakamchukulia mizani na bidhaa zake, akaenda ofisini kwa wakubwa kulalamika, hakuna aliyetaka kumsikiliza, akajiwasha moto mbele ya jengo la serikali. Alifariki tarehe 4 Januari 2011, na siku kumi baadaye rais aliyekuwa madarakani miaka 23 akakimbia nchi. Silisemi hili kuwatisha, na simwombei mtu yeyote njia ile, ni msiba na mama yake alizika mtoto. Nalisema kwa sababu kila mtu aliyehusika asubuhi ile angeapa kwamba alikuwa anasimamia sheria ndogo tu ya biashara. Hakuna aliyepima upande wa pili wa mzani, kwamba kwangu mimi hii ni mizani moja ya kupeleka stoo, kwake ni chakula cha nyumba nzima pamoja na heshima yake.

Hata mahakama zimeanza kuliona. Malawi, mchuuzi mmoja alikamatwa alfajiri akiwa anaenda kwenye biashara yake ya kuuza mifuko ya plastiki, akashtakiwa chini ya sheria ya zamani ya uzururaji iliyoachwa na wakoloni. Januari 2017 Mahakama Kuu kule ikasema hicho kifungu kinapingana na katiba. Na tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ile iliyoko Arusha, ikatoa maoni kwamba sheria za kumkamata mtu kwa sababu tu anazurura au hana makazi zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu, na nchi zinatakiwa zizipitie zizirekebishe. Kwahiyo mkiambiwa mpime, msione ni maneno ya watu wa mtaani tu.

Mwisho wa haya yote kuna namna ya kusema na mtu, na hii haihitaji bajeti wala kikao. Msomi mmoja anaitwa Tom Tyler aliwahoji wakazi zaidi ya 1,500 wa Chicago miaka ya 80 kujua kwa nini watu wanatii sheria. Alichokiona ni kwamba kuogopa adhabu hakuna uzito mkubwa kama tunavyodhani, mtu anatii zaidi akiona wanaosimamia wanamtendea haki, wanamsikiliza, wanampa heshima, hata kama uamuzi wenyewe haukumpendeza. Mimi hilo nimeliona kwa macho. Kuna ofisa mmoja mama, alikuwa anazunguka kwetu zamani kabla hajahamishwa, akifika anabisha hodi, anasalimia, anasema "nimekuja kwa ajili ya hizi taka baba, sheria inasema hivi na sababu yake ni hii, nikirudi Alhamisi nisizikute". Alhamisi huzikuti. Sikumbuki kama aliwahi kumwandikia mtu zaidi ya mara mbili, na mtaa ulikuwa msafi kuliko sasa. Walipomhamisha watu walimsindikiza.

Basi ninachoomba kwenu, zile hatua ziandikwe na zibandikwe. Ofisa asipimwe kwa idadi ya karatasi, wala mkandarasi yeyote wa kuvuta magari na kubeba vitu asilipwe kwa kila anachokibeba. Deni la kosa dogo liwe na kikomo, lisizidi faini ya mwanzo kwa sababu tu siku zimepita. Kitu anachoishi nacho mtu kisibebwe kwa kosa la kwanza. Na mtu akikata rufaa, asisikilizwe na yule yule aliyemwandikia, maana huyo ameshaamua. Kamati yetu iko tayari kukaa nanyi kuyaandika, kumbukumbu za kile kikao cha kwanza ninazo mimi, nitakuja nazo ili tusome pamoja tuliomba nini na kwa sababu gani.

Zile kokoto za kwenye kona naomba ziondolewe wiki hii, kabla yule mzee hajashushwa tena barabarani. Na benchi la mama bado liko yadi kwenu, faini alishalipa na risiti anayo, naomba lirudishwe bila ile gharama ya siku kwa siku, na atakayelileta aje na futi kamba na chaki amchoree mstari pale chini, likae wapi. Amesema akionyeshwa mstari hatauvuka.

Mimi mkazi wenu, niliyekuwa katibu wa ile kamati.